Nguo za zamani tuzivae Jumatatu

(Haya ni maongezi niliyotoa hapa Lamu kwa vijana wanaojifunza ushonaji, kina mama nao walikuja na wazee wawili watatu wakaketi pembeni. Watu wameniomba niyaandike, basi nimeyaandika vile vile nilivoongea, nimepunguza salamu tu manake zilikuwa ndefu.)

Assalaam aleikum tena kwa waliochelewa. Wazee wangu shikamooni, kina mama mmeshindaje, na nyinyi vijana mliojificha huko nyuma njooni mbele, mimi leo sina spika, sauti yangu ni hii hii.

Nimeambiwa niongee kuhusu fasheni za zamani, hizi nyinyi mwaziita vinteji, na vile twaweza kuzirudisha kwa mavazi ya sasa, alafu aliyenialika akasema nitaje na vitu ninavyopenda mimi mwenyewe kuvaa. Hapo mmejitakia, manake mimi nikifunguliwa mlango wa leso, hizi kanga zetu, hamtoki hapa mpaka Maghrib.

Niseme la moyoni kwanza. Hapa kwetu nguo za zamani tunazo na twazijua, lakini tumezigeuza nguo za kupigwa picha. Festivali yetu ya Lamu ikifika mwaona wenyewe, pale Mkunguni mbele ya ngome na ufuoni kote kila mtu katoa kanzu ya babu, kofia ya vito, kina mama na visutu vyao, punda wanakimbizwa, mashua zinashindana, wageni na kamera zao, raha tupu. Ikiisha tu nguo zinarudi sandukuni na sisi twarudi kwa abaya za Dubai na jezi za timu za Uingereza. Sina ugomvi na abaya, ninazo kabatini tena za kutosha. Lakini nguo ya kuvaliwa mara moja kwa mwaka hakuna anayejua inabana wapi, hakuna anayeiongezea mfuko wa simu, fundi haletewi kazi yake basi mkono unasahau, mwisho wake inabaki kwenye kioo cha makumbusho na kikaratasi cha maelezo chini yake. Mji wetu uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001 tukafurahi, ni sawa, lakini ile orodha ni ya majumba na mitaa, kushona tutashona wenyewe.

Na msingoje serikali. Mwaka 2004 hapa Kenya kulikuwa na shughuli kubwa ya kutafuta vazi la taifa, wabunifu wakaitwa, likazinduliwa, picha zikatoka magazetini. Nani hapa ashawahi kuona mtu amelivaa akienda sokoni? (Kicheko.) Eeh. Sisemi lilikuwa baya. Nasema nguo haienei kwa kupitishwa kikaoni, inaenea mtu akimuona jirani yake amependeza akamuuliza umeshonewa na nani, na mimi nataka kama hiyo.

Sasa hiyo nguo ya jirani twaitoa wapi. Kitabu changu mimi cha fasheni ni picha za studio. Wazee hapa wanaikumbuka Studio ya Bakor, marehemu Omar Said Bakor, Mungu amrehemu, alikuwa akikata picha na kuzibandika pamoja kwa mkono wake mpaka mtu anajiona yuko mahali hajawahi kufika, na hiyo ni zamani kabla ya kompyuta kuingia huku. Mombasa kulikuwa na Parekh, yule Mhindi wa studio, miaka ya 50 na 60 na 70, kila mwenye nguo mpya alikwenda kwake kusimama mbele ya pazia. Nendeni mkafungue albamu za bibi zenu. Watu walikuwa hawaendi studio na nguo ya kupikia, walivaa ile wanayoionea fahari, kwa hivyo pale ndani mna kila kitu, gauni la kiuno chembamba, shati la kola ndefu, viatu vya kisigino, kijana wa kiamu na koti la suti juu ya kanzu na saa mkononi kaisogeza ionekane vizuri.

Lakini mkiziangalia msiangalie sura tu mkasema mashallah bibi alikuwa mrembo mkafunga albamu. Angalieni bega limekaa wapi, mkono umeanzia wapi, kiuno kiko juu ya kitovu au chini, pindo limegusa wapi mguuni. Rangi sahauni, nyingi ni nyeusi na nyeupe. Umbo la nguo ndilo linalosema ni ya mwaka gani, ua la kitambaa linaweza kukudanganya.

Haya, hapa nataka nikae kidogo, na mafundi nisikilizeni. Chukueni kanzu ya zamani, ile ya kukatwa na fundi wa hapa, sio ya kuletwa na kontena. Ipindue ndani nje uitandaze juu ya mkeka. Utakuta karibu vipande vyote vimenyooka. Kuna badani, mbele na nyuma. Kuna taharizi ubavuni, zile pande zinazoifanya nguo ipanuke ikishuka chini. Kuna kaba ndani ya shingo. Mikono nayo imenyooka tu, hamna ule mzingo wa kwapa mnaofundishwa siku hizi. Alafu pale kwapani, kati ya mkono na badani, utaona kipande kidogo cha mraba kimegeuzwa kikakaa pembe juu pembe chini. Hicho ndo kikwapa, na mimi nakwambieni kikwapa ni kitu kidogo kilichobeba akili kubwa kuliko vyote kwenye nguo hiyo.

Inua mkono juu. Ukiwa na nguo ya mikono iliyonyooka na haina kikwapa, yote inapanda na mkono, miundi nje, na ukirudia rudia inaanza kupasuka hapo hapo kwapani. Ukiwa na kikwapa badani inabaki chini imetulia, ni kile kipande ndicho kinachofunguka. Baharia anavuta kamba ya tanga, imamu anainua mikono kwa takbira, mwalimu anaandika ubaoni, kanzu haina habari. Na kwa sababu vipande vyote vimenyooka kitambaa hakipotei hata shubiri, zamani hizo bafta na melimeli zilikuja na jahazi na zilikuwa na bei yake, hakuna fundi aliyethubutu kukata mizingo akatupa vitambaa vya pembeni.

Kukishona ndo kazi. Kwa mtu mzima kata mraba kama wa sentimita 10 kila upande, ongeza na ya mshono. Pale kwenye pembe bandika kwanza kitambaa kidogo kwa ndani kiwe nguvu yake, alafu ndo ukate mpaka kwenye pembe, manake hapo ndo panapoanza kuchanika. Shona upande mmoja, ukifika kwenye pembe sindano iache chini imeingia, inua mguu wa cherehani, geuza kitambaa, teremsha, endelea. Ukipita pembe hata kwa mshono mmoja kutakuwa na kikunjo na hicho kikunjo hakitoki kwa pasi, utapiga pasi mpaka kesho. Ndo maana mafundi wengi wanakikwepa, kinakula muda na mteja hakioni.

Sasa sikilizeni mambo. Siku moja nilikuwa Kongowea kwa mitumba, nikakutana na gauni, pamba nzito, rangi ya udongo, zipu ya chuma ubavuni, na hakuna ule utepe wa maelezo ya kufua. Mafundi wekeni akilini hizo dalili mbili, huko Marekani sheria ya kuweka maelezo ya kufua kwenye nguo ilianza kazi mwaka 1972, kwa hivyo nguo ya kiwandani ya Marekani isiyokuwa nayo na haionyeshi alama kwamba utepe umekatwa huenda ni ya kabla ya hapo, na zipu za chuma kwenye magauni zilikuwa nyingi kabla hazijaja hizi za nailoni. Sio ushahidi wa mahakamani, lakini ni mwanzo. Nikalipindua pale pale mwenye duka akiniangalia kama nina wazimu. Mkono wake umekatwa pamoja na kiwiliwili, kitambaa kimoja, na kwapani kuna kipande kimekaa pembe juu pembe chini. Kikwapa! Gauni la kizungu la miaka ya 50 na kanzu ya Lamu wametatua shida moja kwa njia moja. Nilicheka peke yangu sokoni.

Hapo ndo niliacha kuona kuna kabati mbili, ya kwetu na ya kwao. Na tukisema ukweli haijawahi kuwa mbili. Hizi leso mnazosema ni asili yetu, zinasimuliwa kwamba zilianza kwa kina mama wa pwani kununua vile vitambaa vya leso za mkononi vilivyokuwa vinakuja vimeunganika kwenye jora, wakakata vitatu vitatu wakaviunga vikawa nguo moja pana, hiyo ni karne ya 19. Baadaye wenye maduka wakaanza kuagiza ikiwa imepigwa chapa nzima, Uholanzi, Uingereza, kisha Japani na India. Marekani, ile nguo nyeupe ngumu, jina lenyewe linakuambia, ilikuwa ikija na meli za Salem kule Massachusetts. Pale Mombasa Biashara Street akina Kaderdina Hajee Essak, wale wa Mali ya Abdulla, wanauza leso tangu 1887, na mpaka leo kuna bibi akishika leso ataangalia kwanza kama ina hiyo alama ndo aulize bei. Kwa hivyo mtu akikuambia ati hiyo gauni sio utamaduni wetu, muulize na leso ilikuja imetembea?

Na jengine ambalo hatulisemi sana kwenye festivali. Nguo hapa ilikuwa inasema wewe ni nani, muungwana au mtumwa. Mtumwa alivaa kaniki na marekani, kichwa wazi, miguu mitupu. Utumwa ulipofutwa, Unguja mwaka 1897 na huku pwani ya Kenya mwaka 1907, waliotoka huko waliikimbilia leso ya rangi na maua kwa furaha, na nani angewalaumu. Upande wa pili kulikuwa na shiraa, ile nguo kubwa ya mabibi wa kiungwana wa hapa Lamu, bibi anatembea ndani yake na watumwa wamemshikia miti asionekane. Kuna dada mmoja aliniuliza mbona nisiishone shiraa ya kisasa kwa maonyesho. Nikamwambia dada yangu hiyo iache, kila nikiifikiria nawaona wale walioshika miti. Mimi sirudishi kila kitu kwa vile ni cha zamani.

Turudi kwenye raha. Kitu changu cha kwanza ninachokipenda ni gauni la kiuno na marinda mapana chini, la staili ile aliyotoa mbunifu Christian Dior kule Paris mwezi wa Februari 1947. Vita vilikuwa vimeisha juzi, Uingereza nguo zilikuwa bado ni za kugawiwa kwa kuponi, walianza 1941 wakaja kumaliza 1949, alafu huyu bwana anatoka na sketi inayokula kitambaa mita na mita, wengine wakamkasirikia kabisa ati ni israfu. Lakini wanawake waliipenda, na ikaenea dunia nzima, ikafika mpaka kwenye zile picha za Mombasa.

Mimi naishona kwa leso. Wanafunzi andikeni hii. Leso moja ina kama sentimita 150 kwa 110. Msijaribu kukata duara zima, haitoshi, upana wa 110 haukupi sketi ya kushuka chini ya goti. Chukua doti, leso zote mbili, ziunge ubavuni, sasa una sentimita 300 za kuzunguka. Pima urefu unaotaka kuanzia chini kwenda juu, pindo la leso ndo liwe pindo la gauni, na hapo jina, yale maandishi ya leso, litabaki zima mahali pake. Msikate jina katikati jamani. Leso ina heshima zake, ukiikata vibaya utatembea mjini na nusu ya sentensi kwenye makalio, na nusu yenyewe usiombe iwe ipi. (Kicheko kirefu.) Ile ya juu iliyobaki kata mshipi na ukingo wa mikono. Zile mita 3 zikusanye mpaka ziingie kiunoni, kwa kiuno cha sentimita 75 unapata marinda mara nne, mazito, yanasimama. Kiwiliwili usikishone kwa leso hiyo hiyo, macho yatachoka, tia pamba ya rangi moja, nyeusi au ya samli, mikono mpaka chini ya kiwiko, na kikwapa uweke.

Na kwa mwenye kusema huko Ulaya walivaa miguu wazi, mimi ndani navaa surwali ya marinda. Hii ni ya kwetu, bibi zetu wa hapa na wa Unguja waliivaa, miguu imebana kidogo chini alafu kuna marinda yanayoanguka juu ya kifundo. Bint Sultani, Salme bint Said, yule aliyekwenda Ujerumani akawa Emily Ruete, kuna picha yake maarufu amevaa mavazi ya Unguja, kanzu fupi na surwali, muitafute mtandaoni muone ile kanzu imeishia wapi na surwali imeanzia wapi. Gauni la 1947 juu, surwali ya marinda chini, mtandio, na makubadhi ya ngozi ya Siyu miguuni, nitatoka Langoni nifike Mkomani na hakuna atakayesema sina sitara. Watasema mengine, lakini hilo hapana.

Kisutu nakipenda pia, nyeusi nyekundu na nyeupe, kile cha bi harusi. Nakivaa kazini. Nafunga moja kiunoni juu ya jinzi. Kuna shangazi mmoja aliniambia unaleta mkosi, kisutu cha watu unakivalia jinzi. Jinzi yenyewe ni kazi ya fundi cherehani, Jacob Davis wa kule Nevada, aliyechoka na wateja kuchana mifuko akaitia ribiti za shaba, akashirikiana na Levi Strauss wakapata hati ya uvumbuzi mwaka 1873. Nguo ya vibarua, leso nayo ikashikwa kwa nguvu na waliotoka kwenye vibarua visivyo na malipo. Mimi naona zinapatana.

Nyinyi wavulana sijawasahau. Kofia ya vito. Hebu nani ameivaa leo? Wewe, njoo hapa mwanangu, ilete niishike. Angalieni, hivi vitundu vyote vimetobolewa kimoja kimoja na kuzungushiwa uzi kwa mkono, kitundu hakizidi kichwa cha kiberiti, na ndivyo vinavyofanya ua. Kofia moja inamchukua mshonaji wiki na wiki, wengine miezi, na vile vitundu vinapitisha upepo, kichwa hakichemki. Sasa hii ya mashine ya kuletwa na boksi, mtu anainunua kwa bei ya soda mbili, ua limechapwa halikutobolewa, jasho linabaki ndani. Mkiweza kununua simu ya elfu 20 mnaweza kumlipa mama wa watu kofia moja ya maisha. Na muitunze, ikifuliwa itiwe wanga, ivikwe juu ya bakuli ikaukie hapo, sio kuikunja mfukoni kama hanchifu.

Koti juu ya kanzu mnalijua, wazee wanalivaa mpaka leo, tafuteni tu la mitumba la bega dogo la miaka ya 60 muone vile linavokaa. Kizibao nacho chaweza kuvaliwa na shati la kawaida na suruali, hakihitaji kanzu kila siku. Kikoi na shati jeupe la kola, mikono imekunjwa, hapa Lamu hiyo sio fasheni hata, ni Alhamisi.

Naona mzee wangu pale anacheka, najua anataka niseme nini. Miaka ya 70! Bugaluu na raizoni, suruali imepanuka chini inafagia barabara na kiatu cha kisigino cha kuku kupita chini yake. (Mzee mmoja akasema: "Nilikuwa nazo!") Mwaona! Tena nyinyi mlikuwa na bahati, jirani zetu Tanzania mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana, mini, wigi na suruali za kubana zikapigwa marufuku, wasichana wakasumbuliwa mabarabarani. Mimi bugaluu naipenda kwa wanawake zaidi, ile ya kiuno cha juu, ndani ya abaya iliyofunguka mbele. Raizoni hapana. Kwa vichochoro vyetu na mawe yetu na mavi ya punda, utavunjika mguu na picha haijapigwa.

Buibui la kamba, lile la zamani la kufunga kichwani, satini nyeusi, sijalitaja na lina haki yake. Abaya zilipoingia kwa nguvu miaka ya 80 na 90 lilikwenda na bibi zetu. Nalipenda kwa vile lilivokuwa pana na vile mvaaji alikuwa analipanga mwenyewe, akilikusanya, akilishusha, kila mmoja na mkono wake, ungemjua mtu kwa mbali kwa namna alivoshika buibui lake. Nafikiria kulishona kama koti la mvua. Bado nafikiria. Vikuku, vipuli, kikuba cha yasmini na rihani kifuani, hayo mwayajua kuliko mimi, sitawafundisha Waamu kunukia.

Niliulizwa maswali mawili mwisho, nayaandika kwa ufupi.

Dada mmoja alisema, "Somo, mimi nikivaa hivo kila mtu ataniuliza naenda harusi ya nani." Ni kweli, na mara nyingi sababu ni kitambaa. Umbo la zamani ukilishona kwa satini na lesi utaonekana wa harusini, umbo hilo hilo ukilishona kwa pamba ya kawaida, ile ya sare za shule au ya shuka, ukatia mifuko miwili mikubwa, ni nguo ya kwenda benki. Surwali ya marinda ya polista inayong'aa ni ya ngoma, ya pamba ya mistari ni ya kushinda. Na polista kwa joto la huku ni adhabu, sijui nani alitudanganya.

Mama mmoja akasema anayo kanzu ya marehemu babake na gauni la mamake la arusi, anaogopa kuzivaa zisichanike. Mama yangu usizivae. Uzi umechoka, mwanga na unyevu wa chumvi vimeshaula, ukiinua mkono mara moja itaachia. Na usizifumue vilevile, kuna mafundi watakuambia nifumue nipate paterni, mkimbie huyo. Nguo inatandazwa juu ya gazeti bila kuvutwa, kipande kimoja kimoja, unapitisha pini nyembamba kwenye mshono mpaka gazeti litoboke, unaiondoa nguo, unaunga vile vitundu kwa kalamu, hapo umepata badani. Kisha taharizi. Kisha mkono. Kikwapa kipimwe kwa rula pande zote nne manake kitambaa cha zamani kimevutika na hakiko sawa. Unaongeza sentimita moja na nusu ya mshono kote, unaandika juu yake ni ya nani na ya mwaka gani kama wajua, unashona ya kwanza kwa marekani ya bei rahisi umvalishe mtu umuambie ainue mikono. Ikipanda, kikwapa ni kidogo. Ikilegea ubavuni, taharizi ni pana. Ukisharidhika ndo unakwenda kununua kitambaa cha maana, na nguo ya mamako inarudi sandukuni salama na karafuu zake.

Magazeti nimekuja nayo na pini zipo. Haya mama, tuanze na hiyo ya babako, wawili wasafishe mikono waje washike.